Shimo Kwenye Chenga

Jumatatu, 4 Machi

Mvua zimeanza leo, na paa la ofisi halina hiana: tone la kwanza limenidondokea utosini kabla sijawasha kompyuta. Ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme. Chumba cha mbele tuko watatu. Mimi naandika programu, kaka yangu anachora, na bwana mmoja anatengeneza sauti. Huyo tunamwita Mluzi, maana hajui kufikiri bila kupiga mluzi. Chumba cha nyuma ni cha wifi, mke wa kaka, na cherehani yake. Sisi tunatengeneza gemu za simu, yeye anashona sare za shule, na vipande vya uzi vinaingia hadi ndani ya kibodi yangu.

Gemu ya sasa ni ya mtoto anayemtafuta paka wake katika nyumba isiyokwisha vyumba. Kaka anataka kila mlango ukifunguliwa, kioo kijae chenga kama za televisheni ya zamani iliyopoteza mawimbi, halafu chumba kipya kitokee. Nimemwambia hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Jumatano, 6 Machi

Nilijitia ujuzi. Chenga ninazo, lakini zinatambaa. Kioo cha simu ni vidoti vingi mno, na kila kidoti lazima kichague upya: kiwe cheusi, cheupe, au kijivu. Nikiiambia simu ipige kura kwa kila kidoti, kisha irudie mara sitini kwa sekunde, inachoka kama punda wa kukodi. Chenga za kweli zinachemka. Zangu zinafikiria kwanza.

"Hizi si chenga," kaka amesema. "Hizi ni kunguni wamelewa."

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Simu ya Mluzi imepata moto kwa ajili ya majaribio yangu mpaka ameiweka dirishani ipoe. Hanisemeshi.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nilikwenda chumba cha nyuma kuomba mkasi, nikamkuta wifi anakata mashati. Hafumi kitambaa kila akitaka shati. Ana jora limeshafumwa, yeye anakata kipande popote. Nikasimama pale na mkasi mkononi mpaka akaniuliza kama nimeona jini.

Ndivyo nitakavyofanya. Nitapiga kura zote mapema, mara moja tu, nipate jora kubwa la chenga zilizokwisha kuchanganywa, pana kuliko kioo. Baada ya hapo kazi ya simu ni kukata kipande mahali popote na kukibandika, mara sitini kwa sekunde. Na ili jicho lisigundue kipande kinachojirudia, mara nyingine nakigeuza juu chini, mara nyingine kushoto kulia.

Jumatatu, 18 Machi

Zinachemka! Tumeziweka kwenye kioo kikubwa cha ukutani, Mluzi akaongeza sauti ya mkwaruzo, na wifi akaja mbio akidhani mvua imeingia ndani. Simu haipati hata joto. Nilicheza katikati ya ndoo za kukingia matone, nikapiga moja teke.

Kaka alisubiri kelele zangu zipungue. Kisha akafanya kama anavyofanya siku zote anapokagua kitu kwa dhati: akasogeza uso karibu na kioo, akafumba jicho moja, akatulia. Hiyo ni tabia yake ya tangu enzi za mabango. Baba alipofariki mimi nilikuwa bado mdogo, na yeye akaacha masomo akaanza kupaka rangi majina ya maduka. Kwa mabango hayo nilisoma mpaka nikashiba. Anasema ukifumba jicho moja rangi isiyosawazishwa inajitokeza yenyewe.

"Nzuri sana, mdogo wangu," akasema. "Lakini pana shimo."

"Shimo lipi?"

"Juu hapa, kushoto kidogo. Chenga zinachemka pote, hapa zimelala. Kama mtu kapapangusa kwa kidole gumba."

Mimi sikuona kitu. Mluzi hakuona kitu. Lakini kaka aliwahi kuona herufi moja imezidi unene wa ukucha kwenye bango la barabara nzima. Akisema pana shimo, pana shimo.

Jumatano, 20 Machi

Nimelikagua jora lote. Nimehesabu vyeusi, vyeupe na vya kijivu katika kila pembe, viko sawa. Nimelipiga kura upya hata hivyo. Kaka akainama, akatazama.

"Bado lipo."

Alhamisi, 21 Machi

Kaka amepita na kikombe cha chai mkononi, akatupia macho kioo, akasema halipo. Sikuwa nimegusa chochote. Sisi watu wa programu kosa lililojificha tunaliita mdudu, na mdudu anayeondoka bila kufukuzwa ananitia wasiwasi kuliko anayekaa.

Jumatatu, 25 Machi

Amerudi. Palepale, juu kushoto. Nikamwonyesha kaka chenga zilezile kwenye simu: halipo. Kwenye kioo kikubwa: lipo. Basi nikashuka dukani kumwazima mwenye duka kioo kingine, nikakipandisha ngazi mvua ikininyeshea mgongoni. Lipo.

Nimeshinda siku nzima na mbu huyu sikioni.

Jumatano, 3 Aprili

Leo tumegombana. Nataka kuiandika yote nikiwa bado na hasira, kesho nitaanza kumtetea.

Asubuhi nilizigandisha chenga, kioo kikasimama kimya kama picha. Nikamwita. Akasema halipo. Nikaziachia zichemke. Akasema lipo. Nikapunguza mwendo mpaka zikawa kunguni walewale wa mwanzo: linafifia, hana hakika. Nikaongeza mwendo: lipo, tena sasa anaweza kunionyesha kingo zake. Maana yake ni nini? Kwamba shimo linatokana na kasi. Kwamba ujanja wangu wa jora, ninaojivunia wiki zote hizi, ndio unaozaa kasoro.

Nikageuza mpango wa kukata. Lipo. Nikaondoa kule kupindua juu chini. Lipo. Nikalitupa jora lote nikaandika njia nyingine kabisa, ya hesabu fupi isiyohitaji jora. Akainama, akafumba jicho lake, akasema kwa sauti ya kuomba radhi, "Lipo, mdogo wangu."

Hapo mori ukanipanda. Nikamwambia tumebakiwa na wiki chache, na vyumba vyake vya gemu havijafika hata nusu. Nikamwambia labda anatafuta mashimo kwangu ili tusiulize yaliyo kwake. Mluzi aliacha kupiga mluzi.

Kaka alifuta mikono kwa kitambaa chake cha rangi, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nimesema ninachokiona," akasema. "Ningekudanganya ungependa?"

Akarudi mezani kwake. Alinipa mgongo mpaka jioni.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimekuta meza yangu imehamishwa kutoka chini ya tundu la paa, na nyaya zote zimechomekwa upya, mbili mahali pasipo pake. Najua ni nani. Nimezirekebisha bila kusema kitu, naye hakusema kitu. Kwetu huko ndiko kuombana msamaha.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Vyumba vya kaka vimefika nusu. Ni vizuri mno, kuna jiko lenye mwanga wa asubuhi ambalo ningehamia leo. Siwezi kuwa na mtu kama huyu halafu nimwite mvivu. Shimo bado.

Jumanne, 16 Aprili

Leo nitaandika kwa utaratibu.

Kanuni ya kuwinda mdudu ni moja: zima kitu kimoja kimoja. Ukikizima kitu naye akatoweka, umemshika. Nilikuwa nimezima kila kitu. Leo mchana, wakati kaka anakagua kwa mara ya mia, nilikuwa nimechoka kutazama kioo, nikageuka nikamtazama yeye. Nikaliona jicho la kushoto, limefumbwa kwa nguvu mpaka shavu limepanda.

Siku ile ya chai alikuwa anapita tu. Alitazama kwa macho mawili.

"Kaka, hebu usisogee. Fumbua macho yote."

Akafumbua. "Halipo," akasema. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Fumba la kulia, utazame kwa la kushoto."

"Halipo."

"Sasa fumba la kushoto."

Akafumba. Mvua tu kwenye bati.

"Lipo," akasema.

Nikafumba langu la kushoto, kisha la kulia. Chenga zilichemka kila mahali. Nikamwita Mluzi, naye akafumba moja moja, akatikisa kichwa. Nikaweka kidoti chekundu katikati ya kioo, nikamwomba kaka akikazie jicho la kulia, asihamishe, halafu azungushe kidole pale shimo linapoanzia. Akazungusha, nami nikakifuata kidole chake kwa kalamu ya ubao juu ya kioo. Nikahamisha kidoti hadi pembeni. Akakikazia tena, akazungusha tena. Umbo lilelile, lakini lilikuwa limehama pamoja na kidoti. Shimo lilikuwa linakwenda kila linakokwenda jicho lake, na kioo cha simu kilikuwa kidogo mno kulifikia.

Kaka aliitazama michoro ile miwili. Akacheka, kicheko kifupi.

"Basi umemkamata mdudu wako," akasema. "Alikuwa kwangu muda wote."

Mluzi alianza kucheka naye, kisha akaona uso wangu, akaacha. Mimi sikuweza kucheka. Mwezi mzima nimeitengeneza programu isiyoumwa, na mgonjwa alikuwa amesimama pembeni yangu akiniambia, kila siku, kwa maneno yaliyonyooka, kwamba haoni. Na ni macho yake! Angekuwa mwimbaji, ningesema heri macho. Kaka yangu hana kitu kingine duniani anachokijua kama kutazama.

Jumatano, 17 Aprili

Amekataa kwenda kwa daktari. Anasema ni uchovu. Anasema tumalize gemu kwanza. Anasema ana macho ya mwewe. Mwisho akanishika mkono na kusema, "Wifi yako asijue. Ana sare za shule nzima mle ndani, usimwongezee mzigo."

Nikasema sawa.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemwambia wifi. Siku mbili niliishi na siri ile kama mtu aliyemeza mfupa. Nilijifanya nakwenda kuomba mkasi, nikafunga mlango nyuma yangu, nikamwambia yote.

Alinisikiliza mguu ukiwa bado juu ya kanyagio. Nilipomaliza, alikata uzi, akauliza swali moja tu.

"Anajua kwamba unaniambia?"

"Amenikataza."

"Mficha maradhi," akasema, na hakumalizia methali. Alifunika cherehani kwa kitambaa.

Jumatatu, 22 Aprili

Kaka hanisemeshi. Wifi naye hashoni. Amemwambia mumewe hivi, mbele yetu sote: "Siku utakayotoka kwa daktari wa macho, ndiyo siku nitakayofunua cherehani. Si kabla."

Kaka akasema huo ni utoto.

"Na wateja wakija," wifi akaendelea, "nitawaelekeza kwako. Wewe ndiye mwenye jibu."

Jumanne, 23 Aprili

Shule zinafungua wiki ijayo. Kufikia saa nne akina mama saba walikuwa wamesimama juu ya kichwa cha kaka, miavuli ikichuruzika juu ya michoro. Mmoja alimwuliza kama anataka mwanawe aende darasani na shuka. Kila mmoja alipomwendea wifi, wifi alikunja mikono, akasema kwa upole, "Muulizeni baba watoto, mimi sina neno."

Mluzi alirekodi kelele zote. Anasema zitafaa kwenye chumba cha soko.

Jumatano, 24 Aprili

Leo wamekuja na waume zao.

Saa sita kaka aliweka brashi chini. "Nitakwenda kesho," akasema. "Nitakwenda, jamani! Mwambieni ashone."

"Kesho ukitoka," wifi akajibu kutoka chumba cha nyuma.

Alhamisi, 25 Aprili

Tulikwenda watatu. Daktari ni mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Alimpima kaka kwa vifaa vingi, akampulizia hewa jichoni, akammulika. Mwisho akamketisha mbele ya bakuli kubwa jeupe lenye vimulimuli na kumpa kitufe, abonyeze kila akikiona kimoja. Mimi na wifi tulisikia kitufe kupitia mlango. Palikuwa na vipindi ambapo hakikulia, na kila kipindi wifi alinibana mkono.

Ni presha ya macho. Daktari alieleza taratibu. Maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri, yanabana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa unakufa kidogo kidogo kuanzia pembeni. Hauumi, hauwashi, hautoi machozi.

"Huyu ni mwizi asiyevunja kitasa," akasema. "Watu wengi huja kwangu wakishabakiwa na tundu la ufunguo. Wewe umejuaje mapema hivi?"

Kaka alinionyesha kwa kidevu. "Mdogo wangu alitengeneza chenga za televisheni. Mimi nikamkosoa."

Daktari aliomba nimweleze. Akafurahi mpaka akavua miwani. Alisema ubongo hauvumilii pengo. Ukitazama ukuta mweupe, unapaka weupe penye pengo. Ukitazama nyasi, unapaka nyasi. Ndiyo maana mtu hajui kwamba haoni. Lakini kitu kinachochemka kwa kasi, kisichofuata utaratibu wowote, ubongo unashindwa kukibuni upesi kiasi hicho, basi pengo linabaki wazi.

"Kwa hiyo ubongo wangu nao ni mchoraji," kaka akasema.

"Mchoraji mwongo," akasema daktari. "Usimwamini tena."

Kisha akaacha utani. Kilichokufa hakirudi, si kwa dawa wala kwa kisu. Jicho la kushoto bado halijaumia, lakini nalo lina presha. Dawa ni ya matone, kila jioni, maisha yote. Kama itamfaa, shimo litabaki lilivyo. Kama haitamfaa, litakua, na watafikiria upasuaji. Tutajua akipimwa tena mwishoni mwa Mei. Kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kutembea kwenye ukoo, nami nilipimwa palepale. Mimi mzima, ila nirudi kila mwaka.

Tulipofika ofisini, wifi alivua viatu vyenye tope, akaenda moja kwa moja akafunua cherehani. Alishona akilia. Niliogopa ataishona na mikono yake.

Jumatatu, 29 Aprili

Kaka na matone: wifi anamshika kidevu, mimi nashika chupa, yeye anafumba macho kama mtoto anayekimbia sindano. Anasema yanachoma. Wifi anasema na yeye alizaa.

Amenisamehe. Ameniambia, "Wewe huwezi kutunza siri hata ya kuku." Nikasema asante.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua inapungua. Kuna jambo baya limeanza. Kaka anaziwasha chenga asubuhi akifika, anakazia kidoti, anazungusha kalamu. Saa nne tena. Baada ya chakula tena. Pale kwenye kioo pamejaa mizunguko kama viota vya ndege, kila mmoja umetofautiana na mwenzake kwa unywele, kwa sababu mkono wa mtu si mashine. Akiona mzunguko mmoja umezidi, anatoka jasho. Ukipungua, ananunulia watu wote chai. Mlango wa mwisho wa gemu hajaugusa.

Alhamisi, 9 Mei

Nimezitoa chenga kwenye kioo cha ofisi. Zimebaki ndani ya gemu tu, zinamulika na kupita.

"Ziko wapi?" akaniuliza.

"Nimezifunga. Utapimwa na daktari."

"Ni macho yangu."

"Na ni chenga zangu."

Nilidhani atafoka, na ningependa afoke. Badala yake akaketi kwenye kiti cha Mluzi.

"Usiku natulia," akasema polepole. "Nikiamka ndipo naogopa. Nafumba moja, nafumba jingine, nahesabu vitu vya chumbani. Kabati lipo. Dirisha lipo. Mama watoto yupo. Nashindwa kujua ni vitu ninavyoviona au ni yule mchoraji ananipakia."

Nilipiga magoti nikamkumbatia pale kitini, mtu mzima na mvi zake. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofanya hivyo. Ananuka rangi na sabuni, vilevile kama zamani aliponipokea kwenye lango la shule. Chenga sikumrudishia.

Jumanne, 14 Mei

Mlango wa mwisho umekamilika, na kaka hakuishia hapo. Amechukua karatasi nzito na brashi za mkono, amekaa dirishani, anachora nyuso. Ameanza na wifi: kwenye cherehani, akiwa na sindano mdomoni, akiwa amekasirika, akiwa amesinzia. Kwa siku chache tu ukuta umejaa. Anachora upesi kuliko nilivyowahi kumwona, na hataki kuongeleshwa.

Nilimwuliza kama ni za gemu. Akasema hapana.

Wifi amezitazama zote, moja baada ya nyingine. Aliniita pembeni, akaninong'oneza, "Wifi, anatuweka akiba."

Ijumaa, 17 Mei

Amemmaliza Mluzi, midomo imekunjwa kwa mluzi, ni yeye hasa. Amemchora mwenye duka la chini. Amemchora baba kwa kumbukumbu, na nikamtambua baba.

Jumanne, 21 Mei

Gemu imekwenda kwa mteja aliyeiagiza. Amesifu milango. Tulikunywa soda, na hakuna aliyekuwa na furaha ya kutosha kumaliza chupa. Kaka alirudi dirishani. Zamu yangu imefika.

Jumatatu, 27 Mei

Siku ya pili bila mvua. Ndoo zimekauka. Ananichora, hajaridhika na mdomo wangu, anasema hautulii. Mkono wake unakimbia. Nimemwambia apumzike, akasema Jumatano ni keshokutwa, kama mtu anayeambiwa duka linafungwa.

Jumatano, 29 Mei

Tulikuwa wa kwanza kwenye benchi la daktari. Wifi alikuja na sketi ya mteja mkobani, akawa anafumua mshono. Alipomaliza kuufumua nikagundua ulikuwa hauna kosa.

Kaka aliingia. Kitufe kikaanza kulia. Nilijaribu kutosikiliza vipindi vya kimya, nikavisikiliza vyote. Nilijilaumu kwa kumfungia chenga, labda angegundua mapema, labda wangebadilisha dawa. Kisha nikajilaumu kwa kuzitengeneza. Kisha nikakumbuka kwamba bila hizo tusingekuwa pale, tungekuwa ofisini tukigombania kitu kingine, na mwizi anaendelea na kazi yake.

Daktari alituita wote. Alipanga karatasi mbili mezani, ya Aprili na ya leo, kila moja ina duara lenye weusi upande mmoja juu. Akachukua kalamu, akazilinganisha kingo kwa kingo, hakuwa na haraka hata kidogo, na mimi nilitaka kumnyang'anya.

"Presha imeshuka macho yote mawili," akasema. "Na shimo halijakua."

"Hata kidogo?" kaka akauliza.

"Hata kidogo. Ukiendelea na matone hivi, na kuja kupimwa, nategemea utazeeka na macho haya."

Kaka akasema, "Rudia, tafadhali." Daktari akarudia. Wifi alijifunika uso kwa sketi ya mteja, akalia hadi mabega yakatikisika, nami nikalia, na daktari akatusogezea boksi la karatasi laini bila kutushangaa. Tangu nianze kazi hii sijawahi kufurahi kwamba kasoro imebaki vilevile. Leo nilitaka kuibusu ile karatasi.

Tulirudi ofisini mchana. Mluzi alikuwa mlangoni. Aliona nyuso zetu akapiga mluzi mmoja mrefu ambao mtaa mzima ulijua maana yake. Kaka alikwenda dirishani kwenye picha yangu. Paji lipo, macho yapo, mdomo umetulia. Masikio bado, ni mistari miwili ya penseli tu. Nikavuta kiti nikakaa mkao wangu, kidevu juu, kama alivyonifundisha.

Akaitazama picha kwa macho yote mawili. Akachukua brashi, akaisafisha majini, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka kwenye kopo pamoja na zingine.

"Kaka, na masikio yangu?"

"Mwakani."

"Mwakani!"

"Masikio hayo ni kazi kubwa, mdogo wangu, hayataki kukimbizwa," akasema. "Kwani nina haraka gani?"

Akaenda chumba cha nyuma kumwuliza mke wake kama kuna chakula.